Maswali ya Wakimbiaji: Majira Marefu ya Baridi na Miguu Iliyozoea Jua la Mikindani

Mwezi huu nimechagua barua nne zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: mkimbiaji wa mbio ndefu afanye nini msimu unapomgeuka? Ile iliyotoka mbali zaidi nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wake amenieleza hali yake kwa undani, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuyakosea mambo hayohayo anayoyauliza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani na nipo mwaka wa kwanza wa masomo katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland. Nilipokuwa nyumbani nilikimbia siku sita kwa wiki, kama kilomita 70 hivi, nikitoka Mikindani alfajiri hadi karibu na Mtwara mjini na kurudi. Nilifika hapa Agosti, na hadi Oktoba mambo yalikwenda vizuri. Theluji ilipoanguka nikaanza kukosa siku moja, kisha mbili; sasa ni Januari, na mwezi mzima uliopita nimekimbia mara tatu tu. Desemba jua lilikuwa likichomoza baada ya saa 4 asubuhi, na saa 8 mchana limekwishazama. Nikitoka nje kope zinashikana kwa barafu, mwendo wangu umeshuka kwa zaidi ya nusu dakika katika kila kilomita, na wiki iliyopita niliteleza nikaumia kiwiko. Nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni mwezi Mei. Wenzangu wananishauri nilipie ukumbi wa mazoezi na kukimbilia mashine mpaka theluji iishe. Je, niiache barabara hadi Aprili? Na je, nimekwisha kupoteza yote niliyoyajenga nyumbani?
*Mwanafunzi, Oulu*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kiwiko. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujapoteza yote. Mkimbiaji akisimama kabisa, uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni huanza kushuka baada ya takriban wiki mbili, kwa sababu kiasi cha maji ya damu hupungua na moyo husukuma damu kidogo kuliko awali katika kila pigo. Hata hivyo, uimara wa mifupa na kano uliojengeka kwa miaka ya kukimbia hauondoki kwa mwezi mmoja, na kile kiasi cha damu, ambacho ndicho hupungua mapema, ndicho pia hurudi mapema mara mtu anapoanza tena.

Lipo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote nitakayokuandikia. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, pamoja na wenzake, waliwafanyisha watu mazoezi makali ya dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, kisha wakawapunguzia mazoezi hayo kwa wiki 15. Waliopunguziwa siku kutoka sita hadi nne, na hata hadi mbili, walibaki na uwezo wao wa kutumia oksijeni. Waliopunguziwa muda hadi dakika 26 au 13 nao walibaki nao, ingawa wale wa dakika 13 walipungukiwa ustahimilivu wa kazi ndefu. Walioshuka ni wale waliopunguziwa ukali wa zoezi, huku siku na dakika zao zikiachwa vilevile. Hesabu wiki 15 kuanzia leo na utajikuta unakaribia Mei, barafu ikiwa imeyeyuka au inamalizikia. Kwa hiyo baridi ikikunyang'anya kilomita, usigombane nayo. Lakini usiiruhusu ikunyang'anye zoezi moja kali kwa wiki na mbio moja ndefu, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyokufikisha kwenye mstari wa kuanzia ukiwa mkimbiaji.

Barabara, basi, usiiache. Mashine ya kukimbilia ni chombo kizuri ikipewa kazi yake, na kazi yake kwako ni lile zoezi kali, kwa kuwa juu ya barafu hakuna mtu anayeweza kukimbia kwa kasi bila kujitakia balaa. Iinue kwa asilimia 1, maana ndani hakuna hewa ya kuikata kwa kifua, na uombe feni ikupulizie, kwani bila upepo utatoka jasho kuliko ulivyowahi kutoka Mikindani. Lakini mtu anayekimbilia mashine peke yake miezi minne hutua mguu kwa namna ileile moja maelfu kwa maelfu ya mara, kisha Mei anakutana na mteremko, kona na lami iliyobonyea, na nyonga zake zinashangaa. Zaidi ya hayo, katika nchi ambayo mchana ni mfupi hivyo, ile nusu saa ya kuliona jua ukiwa unakimbia ina faida ambayo ukumbi hauwezi kukupa.

Sasa nikueleze kosa langu. Niliwahi kukaa Ujerumani majira ya baridi ya mwaka mmoja nikisomea ukocha. Asubuhi moja, ikiwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, nilivaa fulana mbili za pamba, sweta na koti, nikatoka huku upepo ukinisukuma mgongoni. Nilikwenda vizuri mno. Nikajiambia kwamba watu wanaisingizia baridi. Baada ya nusu saa fulana zilikuwa chapachapa kwa jasho. Nikageuka kurudi, na upepo uleule ukanikabili kifuani. Dakika 10 hazikupita kabla pindo la sweta halijakauka kama boksi na kuanza kunigongagonga mapajani, na nilipofika mlangoni vidole havikuweza kuushika ufunguo. Niliusukuma kwa viganja viwili kama mtoto, ukaanguka kwenye theluji, na ikabidi jirani, mama mmoja wa makamo, atoke kunifungulia. Sikuugua, lakini nilikaa kitako karibu na kipasha joto kwa saa nzima kabla sijaacha kutetemeka.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili unaweza kuyaepuka. La kwanza ni mwelekeo: toka ukiukabili upepo, urudi ukiwa umekupa mgongo, ili wakati umelowa jasho na umechoka ndipo upepo uwe rafiki yako. La pili ni pamba. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili. Kinachogusa ngozi kiwe kitambaa chepesi kisichoshika maji, kama kile cha jezi ya mpira, au sufu nyembamba. Juu yake vaa nguo ya kuhifadhi joto, na nje kabisa koti jepesi la kuzuia upepo. Siku isiyo na upepo mkali, nguo mbili zinatosha. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuvaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya zilizopo, kwa kuwa mwili unaokimbia ni jiko linalowaka. Ukisimama mlangoni ukajisikia vizuri, umevaa kupita kiasi. Dakika 10 za kwanza zinatakiwa ziwe za baridi kidogo. Usichopaswa kukifanyia uchumi ni vidole, masikio na pua, maana mwili ukibanwa na baridi hupunguza damu ya huko kwanza ili kulinda moyo na viungo vya ndani.

Uingize na upepo katika hesabu zako, usitazame kipimajoto peke yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikichanganyika na upepo wa kilomita 30 kwa saa huiumiza ngozi kama nyuzi 20 chini ya sifuri katika hewa tulivu. Kipimo hicho cha pamoja kikifika kwenye 27 au 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku hiyo kimbilia ndani bila kujiona mwoga. Siku ya mvua inayoganda ikigusa ardhi nayo ni siku ya ndani, hata kama baridi si kali.

Kuhusu kuteleza, wewe ni mtoto wa Mikindani na unajua kutembea kwenye matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa. Hupanui hatua, hukanyagi kwa kisigino, na mwili huuegemezi nyuma. Unaweka mguu chini ya kiwiliwili chako, hatua fupi fupi za haraka, mikono ikiwa imefunguka kidogo kutafuta mizani. Barafu inataka hivyohivyo. Viatu vyenye vijimisumari vidogo chini ya soli vinauzwa madukani huko, na ukiweza kununua jozi moja, itakufaa kuliko koti la bei kubwa. Kimbia kwenye njia zilizomwagiwa changarawe, na uache zile zinazong'aa. Na kwa kuwa utakimbia gizani mara nyingi, vaa reflekta. Finland sheria inamtaka mtu anayetembea barabarani gizani awe nayo. Misuli ya ndani ya mapaja itakuuma wiki za kwanza, kwa kuwa inafanya kazi ya kukushikilia usipasuke msamba. Ipe nguvu kwa mazoezi ya ndani mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa, kupanda juu ya vidole ukiwa kwenye ngazi, na kusimama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, ukibadilisha miguu katikati.

Mwendo ulioshuka kwa nusu dakika usikusumbue hata kidogo. Theluji inameza msukumo wa mguu, nguo zina uzito, hatua imefupishwa kwa makusudi, na saa yako haijui lolote kati ya hayo. Kuanzia leo hesabu dakika, wala si kilomita, na upime ukali kwa pumzi: katika mbio nyepesi uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, na katika zoezi kali uweze kutamka maneno matatu au manne tu.

Kwa kuwa umekimbia mara tatu tu kwa mwezi, wiki mbili za mwanzo ziwe za kurudi: mara nne kwa wiki, dakika 25 hadi 30, nyepesi, bila zoezi kali lolote. Kuanzia wiki ya tatu kimbia siku tano. Jumanne iwe siku ya mashine: baada ya kupasha mwili moto dakika 15, kimbia dakika 3 kwa nguvu na dakika 2 polepole, mara sita. Jumatano, Alhamisi na Jumapili toka nje dakika 40 nyepesi, ikiwezekana katikati ya vipindi vya mchana wakati mwanga upo. Jumamosi fanya mbio ndefu; anza na dakika 60, ongeza 5 kila wiki, na kila wiki ya nne punguza theluthi moja ya kazi yote ili mwili upumzike. Ukifika dakika 100 mwezi Aprili, nusu marathoni unaiweza. Kwa zile siku ambazo roho inagoma, na zitakuwa nyingi, nguo ziwe zimepangwa kitini tangu usiku, na ahadi yako iwe ni kutoka kwa dakika 10 tu. Ukitaka kurudi baada ya dakika hizo, rudi. Nimewapa ahadi hiyo wakimbiaji wengi, na waliorudi ni wachache.

Mambo madogo matatu. Kiu haiji kwenye baridi kama inavyokuja Mtwara, lakini maji yanakutoka kwa jasho na kwa ile pumzi unayoiona ikifuka, hivyo kunywa hata kama hutamani, na chupa uibebe kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Ukifika ndani, vua nguo zilizolowa kwanza, kabla hata ya kujibu simu. Na la tatu ni vitamini D: jua la huko miezi hii haliwezi kuitengeneza kwenye ngozi, hasa ngozi nyeusi kama yetu, na upungufu wake hudhoofisha mifupa inayobeba kishindo cha kila hatua. Maziwa ya Finland huongezewa vitamini hiyo, lakini nenda kwenye huduma za afya za wanafunzi wakupime na kukupa kiasi kinachofaa.

Nchi uliyopo, mwanangu, ndiyo iliyomtoa Paavo Nurmi na medali zake 9 za dhahabu za Olimpiki. Ndiyo iliyomtoa pia Lasse Virén, ambaye mwaka 1972 mjini Munich alianguka katika fainali ya mita 10,000, akainuka, akashinda na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 38.4. Hao walilelewa na theluji hiyohiyo unayoitazama dirishani. Niandikie mwezi Machi unieleze umefikia dakika ngapi.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nipo Mtwara, mtaa wa Shangani. Binti yangu anasoma Minneapolis, Marekani, na amenitumia picha yake akitoka kukimbia, nyusi zikiwa nyeupe kwa barafu na mtandio umeganda mdomoni. Tangu siku hiyo sina amani. Utotoni alikuwa akibanwa na kifua, na sasa ananiambia kwamba akimaliza kukimbia anakohoa kama robo saa. Je, mapafu hayawezi kuganda? Nimkataze?
*Mama wa mkimbiaji, Shangani*

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Hofu yako ni ya mzazi na ina haki ya kujibiwa kikamilifu. Mapafu hayagandi. Hewa inapopita puani, kooni na kwenye njia kubwa za pumzi hupashwa joto na kutiwa unyevu, na inapofika ndani kabisa ya mapafu imekwisha kukaribia joto la mwili. Ile barafu uliyoiona kwenye nyusi na mtandio ni unyevu wa pumzi yake mwenyewe, ambao umeganda baada ya kutoka nje. Wapo watu waliokimbia kwenye baridi kali kuliko hiyo ya picha: tarehe 1 Januari 2018 Mjapani Yuki Kawauchi, aliyekuwa mtumishi wa serikali akifanya mazoezi nje ya saa za kazi, alikimbia marathoni nzima katika mji mmoja wa jimbo la Massachusetts ikiwa kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na Aprili mwaka huohuo akashinda marathoni ya Boston katika mvua ya baridi na upepo wa mbele uliowafanya wengi wajitoe.

Kikohozi, hata hivyo, sikipuuzi, na wewe usikipuuze. Hewa ya baridi ni kavu sana, na mtu anayehema kwa nguvu huzikausha njia zake za pumzi. Kwa mwenye historia ya kubanwa, njia hizo hujikunja, na ndipo kikohozi, mluzi kifuani au kubanwa huja, mara nyingi dakika chache baada ya kusimama. Binti aende kwa daktari wa chuo, aeleze historia yake ya utotoni, na apimwe. Ikionekana ni pumu inayoamshwa na mazoezi, daktari anaweza kumpa dawa ya kuvuta kabla ya kutoka, na watu wengi wenye hali hiyo wanakimbia miaka yote. Mtandio wake ni msaada mkubwa, kwani ukifunika pua na mdomo hunasa joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudishia ile inayoingia. Awe na wa pili kavu mfukoni, abadilishe ule wa kwanza ukishaganda. Apashe mwili moto ndani kwa dakika 10 hadi 15, na mazoezi ya kasi ayafanyie ndani hadi baridi ilegee.

Umuulize pia kuhusu vidole, masikio na pua. Sehemu ikifa ganzi na kubadilika rangi, ikawa nyeupe au kijivu, arudi ndani mara moja na aipashe joto taratibu kwa maji ya uvuguvugu, bila kuisugua na bila kuikaribisha kwenye moto, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi haisikii inapoungua. Ganzi isipoondoka, aende hospitali. Usimkataze, dada yangu. Binti anayekimbia ugenini ana saa moja kila siku ambayo hayuko peke yake chumbani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huku Newala mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi kuna ukungu na upepo wa baridi unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Timu yetu ya shule imezoea kusubiri hadi saa 4 ndipo ikimbie. Tunafanya sawa?
*Nahodha wa timu, Newala*

JIBU: Marahaba. Hapana, mnaikimbia hali ya hewa ambayo wakimbiaji wa pwani tunaitamani. Marathoni nyingi za kasi hukimbiwa kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi, na ninyi mkiwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde mnakaribia kuzipata bure kila asubuhi ya kipupwe. Kimbieni saa 12 na nusu, mwanga ukiwa umetosha kuona mizizi na mashimo ya njia. Vaeni sweta kwa dakika 15 za mwanzo mkitembea na kukimbia polepole, kisha mlivue na mlifunge kiunoni. Na mkimaliza, msikae kwenye upepo mkipiga soga na jezi zilizolowa. Mbio za kilima zinazopanda kutoka bondeni zifanyeni mara moja tu kwa wiki, na kushuka mshuke mkitembea, maana mteremko huyabebesha magoti mzigo mkubwa.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tukikimbia pamoja hapa Lindi, kutoka uwanja wa Ilulu hadi Mitwero, na tulikuwa sawa kabisa. Mwaka jana alihamia Ujerumani kikazi. Kila Jumapili tunalinganisha kwenye simu muda wa kilomita 10. Yeye anakimbilia ndani kwenye mashine na ananipita kwa dakika 3. Mimi huku ni Februari, joto na mvua, na natoka jasho kabla hata sijaanza. Je, baridi imemfanya awe bora, au mimi nimeshuka?
*Mkimbiaji, Lindi*

JIBU: Njema, ndugu yangu. Hakuna kati ya hayo mawili unayoweza kuyajua kwa namba hizo. Kwenye joto moyo hugawa damu sehemu mbili, kwa misuli inayokimbia na kwa ngozi inayopoozwa, na katika Februari ya Lindi jasho halikauki vizuri kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Kwa hiyo moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Rafiki yako naye hana upepo wa kuukata, hana kilima, na kama hajainua mashine yake, anapata nafuu nyingine kidogo.

Mtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Aprili 2025, katika hewa nzuri ya Boston, alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo alishinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Mashindano ya ubingwa yana mbinu zake, na watu huviziana kabla ya kuondoka. Lakini joto na unyevu wa Tokyo vilikuwa na sehemu kubwa katika zile dakika karibu 5, na muda ule wa polepole ndio uliompa dhahabu.

Mwili wako nao unajifunza. Mtu akikimbia kwenye joto siku 10 hadi 14 mfululizo, maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza mapema na hupoteza chumvi kidogo, na moyo hutulia. Wewe unayo hayo tayari. Rafiki yako ameyapoteza wiki chache tu baada ya kuingia kwenye baridi. Akirudi Lindi likizo, mwonye asitake kukimbia kwa ule muda wake wa mashine: wiki ya kwanza akimbie dakika 30 nyepesi kabla ya saa 1 asubuhi, anywe maji na kula chakula chenye chumvi ya kutosha, na akiona kizunguzungu au jasho limekatika ghafla huku mwili unawaka, akae kivulini, amwagiwe maji, na apelekwe hospitali mara moja.

Mvua isikuzuie, isipokuwa yenye radi. Kausha viatu kwa kuvijaza magazeti makuukuu, usivianike juani vikakauka soli, na ujipake mafuta ya mgando mapajani na katikati ya vidole vya miguu kabla ya kutoka. Jumapili ijayo mkipigiana simu, acheni kilomita 10 na mtajiane dakika mlizokimbia wiki nzima na siku mlizotoka. Namba hizo zinalingana, awe yeye ndani ya ukumbi wa Ujerumani au wewe kwenye matope ya Mitwero.